Sauti Haikujengwa Upya

Katika ofisi ile iliyo juu ya duka la mabomba, Isiolo mjini, hakuna aliyeruhusiwa kujenga programu isipokuwa Umulkheir, na akijenga aliwapa wenzake mgongo kama mtu anayekula peke yake. Wenzake wenyewe, tukisema kweli, walikuwa mtu mmoja tu: Ntinyari, mwanamke kijana wa Kimeru kutoka Burat, mwenye maneno machache na kichwa kizuri. Kichwa hicho kizuri ndicho kilichomkosesha Umulkheir raha.

Programu ilikuwa ya ushirika wa wafugaji. Kazi yake ilikuwa kumjua kila mnyama: ni wa nani, yuko kwa nani, amechanjwa nini, anaruhusiwa kupelekwa wapi. Ilikuwa imegawanywa katika moduli nne. Msingi ilibeba namba zinazoonyesha nani ni nani kwa kila mnyama. Mifugo ilisimama juu ya Msingi, na Vibali ikasimama juu ya Mifugo. Ya nne iliitwa Sauti. Hiyo iliwapigia watu simu na kuwasomea habari zao kwa Kiborana, kwa kuwa wengi wao si watu wa kusoma, na sauti iliyosikika humo ilikuwa ya Umulkheir mwenyewe, aliyejirekodi alasiri nzima ndani ya stoo, amejifunika blanketi ili malori ya barabarani yasiingie kwenye maneno.

Sasa, moduli za namna hii zina tabia moja mbaya. Kila moja inapojengwa huchukua namba zake kutoka Msingi, ikazifungia tumboni. Msingi ikibadilika kesho, zile zilizo juu yake lazima zijengwe upya, tena kwa mpangilio wake, la sivyo zitaendelea kutumia namba za jana. Na hazilalamiki. Kwenye skrini kila kitu kinabaki kijani, huku moduli moja inasema lugha ya leo na nyingine bado iko jana.

Mpangilio huo ulikuwa kichwani mwa Umulkheir, na Umulkheir alikuwa ameukalia. Ntinyari alipouliza mara ya kwanza nini kinatangulia nini, aliambiwa ajaribu mwenyewe. Akajenga Vibali kabla ya Mifugo. Umulkheir alimwona, akanyamaza, akamwacha ahangaike na makosa mekundu tangu chai ya asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, huku akimtupia jicho na kunywa chai yake ya maziwa taratibu. Mwishowe aliinuka, akayaweka mambo sawa bila kujisumbua, akasema mbele ya bosi kwamba vyuo vikuu vya siku hizi vinagawa vyeti kama njugu. Siku hiyo alilala usingizi mzuri sana.

Bosi alikuwa Mohamedamin, mjukuu wa wale askari wa Kisomali waliopewa makao Isiolo enzi za wakoloni. Familia yake ilikuwa ya malori, na kompyuta hakuzijua. Kwake yeye programu ilikuwa lori jingine, inabeba au haibebi. Asubuhi moja aliwaita wote wawili akawaambia wafadhili wamerudisha mkono nyuma, na ushirika ukishaanza kuitumia programu, yeye atabaki na mtaalamu mmoja. Hakumtaja. Alisema tu kwamba atakayebaki ni yule ambaye kazi haiendi bila yeye.

Umulkheir angefurahi kusikia hivyo, maana nani mwingine kazi haikwenda bila yeye? Lakini alijua jambo ambalo Mohamedamin hakulijua. Ntinyari alikuwa akiandika programu ndogo ya pembeni, inayopitia moduli zote, ikaona nani anamtegemea nani, ikajenga upya zinazohitaji kujengwa, kwa mpangilio, bila kuulizwa mtu. Ilikuwa imebakia kidogo tu. Ikishakubaliwa, Umulkheir hangekuwa na siri yoyote ya kukalia. Kiti kilikuwa kimoja, na alikitaka kwa roho yake yote. Alikuwa ametoka Kulamawe kwenye nyumba ya udongo, amesoma kwa shida ambazo hakupenda kuzisimulia, na kurudi huko mikono mitupu kulimtisha kuliko kifo. Kwa hiyo alikuwa na hofu, na hofu yake ikatoka nje ikiwa dharau.

Mama yake alikuwa angali Kulamawe. Mwanzoni mwa kazi yeye na Ntinyari walikuwa wamekwenda huko kuzungumza na wafugaji, wakalala kwa huyo mama, naye akampenda Ntinyari hadi Umulkheir akachukia. Alimpa maziwa, akamkalisha karibu yake, akamfundisha habari za dabare. Dabare ni ng'ombe unayepewa umtunze na unywe maziwa yake, lakini si wako. Ndama wake si wako. Humuuzi, humchinji, humtoi zawadi, na mtu aliyekula dabare hana uso wa kuonyesha watu. Ng'ombe mwekundu aliyekuwa uani kwa mama alikuwa dabare, mali ya Mzee Waqo, aliyekuwa rafiki wa marehemu mume wake. Mama alieleza bila haya yoyote, kwani hilo si jambo la haya. Kilichomuuma kilikuwa kimoja. Tangu mumewe afe hajawahi kumchinjia sadaka, kwa sababu mbuzi waliisha na kiangazi, na mnyama pekee aliyebaki uani ni wa Mzee Waqo. Humwombei maiti wako kwa mali ya mtu.

Ntinyari alirudi Isiolo na jambo hilo moyoni. Aliona kwamba Msingi ilikuwa inawachanganya watu wawili ambao kwa Waborana hawachanganywi. Namba moja ilikuwa ya mwenye mali na namba mbili ya mtunzaji, na daktari wa mifugo akitafuta wa kumpigia alikuwa anapewa tajiri aliye mbali badala ya mtu aliye na mnyama. Akazigeuza. Moja ikawa mtunzaji, mbili ikawa mwenye mali. Kwa mnyama ambaye mwenyewe ndiye anayemtunza hakuna kilichobadilika. Tofauti ilikuwa kwa wanyama wa dabare peke yao.

Siku hiyo hiyo, Jumatano, akapigiwa simu kwamba shangazi yake amefariki huko Burat. Alifunga mkoba wake, akasimama mbele ya meza ya Umulkheir.

"Namba za Msingi nimezigeuza," alisema. "Tafadhali jenga zote nne, hata Sauti. Sauti yenyewe sijaigusa, lakini iko na namba za zamani ndani. Ama utumie ile programu yangu, itajua yenyewe."

"Mimi nilikuwa najenga hizi vitu ukiwa bado unavaa sare ya shule," Umulkheir akamjibu, bila kuinua macho. "Wewe nenda uzike."

Hata pole hakumpa.

Alijenga Msingi, akajenga Mifugo, akajenga Vibali. Alipofika Sauti alisita. Sauti ilikuwa nzito kwa sababu ya rekodi zote zile, ilikawia, na umeme wa Isiolo unajulikana. Lakini sababu haikuwa umeme. Sababu ni kwamba alikuwa ameambiwa. Kama Ntinyari angenyamaza, Umulkheir angejenga zote nne kama kawaida yake. Kuambiwa na yule mtoto wa juzi, kupangiwa kazi, kukumbushwa kama mwanafunzi, kulimkaa kooni. Alijisemea kwamba moduli isiyoguswa haina haja ya kujengwa, akafunga kompyuta akaenda zake. Alijua vizuri sana kwamba anajidanganya.

Alhamisi Mohamedamin alitaka kuona majaribio. Umulkheir alichagua watu wachache wa Kulamawe awapigie kwanza, na kati yao akamweka mama yake, maana mama hakuwa mtu wa kulalamika. Mashine ikapiga. Simu ya Mzee Waqo haikupatikana, alikuwa ameingia porini na ngamia. Wengine wote walipokea, wakasikiliza, wakabonyeza moja kukubali. Skrini ikawa kijani kote. Mohamedamin alipiga makofi kidogo, akasema hii sasa ndiyo kazi isiyo na makelele, akamwangalia Umulkheir kwa namna ambayo Umulkheir aliielewa. Kiti kilikuwa kinamjia.

Jioni simu yake iliita. Alikuwa mama. Akaitazama ikiita hadi ikanyamaza. Ikaita tena. Alidhani ni habari za sukari, au jirani mgonjwa, au zile salamu za mama zisizoisha, naye alikuwa na furaha yake hakutaka imwagiwe maji. Hakupokea, na baadaye hakupiga.

Ijumaa asubuhi, akijiandaa kuwapigia watu wengi zaidi, jicho lake likaangukia tarehe. Moduli tatu zilikuwa za Jumatano. Sauti ilikuwa ya mwezi uliopita. Akaifungua, akaangalia namba zilizo ndani. Sauti ilikuwa imewaita watunzaji kwa namba moja, na kwake namba moja bado ilikuwa mwenye mali. Haraka akawapitia waliopigiwa, mmoja mmoja, akitafuta dabare. Wote walikuwa na wanyama wao wenyewe isipokuwa mmoja. Akashusha pumzi.

Ni mama tu, alijiambia.

Ndivyo alivyosema moyoni, na akapata nafuu kweli. Akaijenga Sauti upya, hakumwambia mtu, akapanga kumpigia mama baada ya swala. Baada ya swala kukawa na chakula, baada ya chakula Mohamedamin akawa na wageni wa ushirika, na jua likazama Umulkheir akiwaeleza wageni hao jinsi mashine isivyokosea.

Habari zilimfikia Jumamosi, kwa Denge mwenye duka la Kulamawe. Denge alisema kwa sauti ya chini kwamba mama ameingia kwenye matatizo. Jana, watu wakitoka msikitini, alikuwa amewaita majirani wote, akamchinja yule ng'ombe mwekundu akawa sadaka ya marehemu mumewe. Watu wamekula, wameomba dua, mama amelia kwa furaha. Leo Mzee Waqo ametoka porini akakuta ngozi ya ng'ombe wake imeanikwa juani. Wazee watakaa kesho, na wanataka watu wa hiyo kampuni ya simu waje, kwa sababu mama anasema ni simu iliyomwambia ng'ombe ni wake.

Mohamedamin aliwapeleka wote wawili kwa Land Cruiser yake, Ntinyari akiwa ndiyo kwanza ametoka matangani. Njiani aliongea yeye peke yake. Alisema ushirika una masikio, na kama mashine yake imemdanganya mjane, mkataba umekwenda, na aliyesababisha asifikirie kukanyaga ofisini kwake tena. Akauliza ni nani aliyejenga.

"Nilijenga mimi," Umulkheir akasema. "Kila kitu kiko sawa. Angalia hata leo."

Ntinyari alikuwa nyuma, kompyuta yake mapajani. Usiku uliopita alikuwa ameiendesha programu yake ndogo ipitie moduli zote, kama anavyofanya kila arudipo kazini, nayo ikamwonyesha bila kuficha kwamba tatu zilijengwa Jumatano na ya nne Ijumaa. Umulkheir alimwona kwenye kioo cha gari, akaona anajua. Lakini Ntinyari alitazama nje ya dirisha hadi Kulamawe.

Wazee walikaa barazani kwa Denge, kwenye mabenchi ya duka, katikati ya magunia ya unga. Hawakuwa watu wapole. Waqo alikuwa mkavu, ana hasira ya mtu aliyefanya wema, na hakuna hasira ndefu kama hiyo. Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, peke yake. Majirani waliokula nyama ile walisimama kando, mbali naye kidogo, kila mmoja akijifanya hakumbuki ladha yake.

Wakamwambia aseme.

"Simu ilipiga Alhamisi," mama alisema. "Nikapokea, nikasikia ni mtoto wangu. Akanisalimia kwa Kiborana. Akasema, ng'ombe huyu mwekundu ni mali yako. Nikamwuliza, mwanangu, umekula? Hakunijibu, nikajua ana kazi. Akasema nikikubali nibonyeze moja, nikabonyeza. Nikafikiri ameongea na Waqo, ameninunulia, anataka nifurahi. Nikampigia nimshukuru, hakushika. Wazee, mimi najua dabare. Nimekaa na dabare miaka yote hii na hakuna siku nimemtoa hata ndama mlangoni. Lakini ni mtoto wangu aliniambia."

Mzee aliyekuwa mkubwa wao, mtu mwenye kikohozi na asiye na subira, akamgeukia Umulkheir. Alimwambia hapo hapana maneno mengi. Kama mtoto alimwambia mamake hivyo, au kama mashine yao ilimwambia, basi mama amepotoshwa, na aliyepotoshwa si mwizi. Kama hakuambiwa, amekula dabare kwa macho makavu, na hakuna mtu wa Kulamawe atakayeweka mnyama kwake tena. Katika kiangazi kile, kwa mjane asiye na mbuzi hata mmoja, hilo lilimaanisha kufa kwa kuomba maziwa.

Umulkheir alimwona mama akimtazama. Mama hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na uso wa mtu ambaye shahidi wake amefika. Akamwona na Mohamedamin pia, ameegemea nguzo ya baraza, funguo za gari mkononi, anasubiri kusikia kama lori lake linabeba au halibebi. Neno moja tu lilihitajika. Akisema ndiyo, mashine ilikosea, swali la pili lingekuwa nani aliyeikosesha, na Ntinyari alikuwa amekaa pale na tarehe zote kwenye mapaja yake.

"Mimi sikumpigia mama simu," alisema.

Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimtoka kwa urahisi.

Mzee akauliza, na mashine?

"Mashine inasema kilichoandikwa," Umulkheir akasema. "Kilichoandikwa ni kwamba ng'ombe ni wa Mzee Waqo, mtu yeyote anaweza kuangalia. Mama ni mtu mzima sasa, na simu za huku zinakatika katika. Pengine alisikia kitu alikuwa anatamani kusikia."

Mama hakulia. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza tena jambo alilolisikia vibaya, kisha akakiinua na kuendelea kumtazama binti yake. Waqo alitema mate pembeni. Alisema kwamba marehemu alikuwa rafiki yake, na anashukuru Mungu amekufa kabla ya kuona siku hii, Mama Umulkheir kula dabare na kumtia mtoto wake kwenye uongo. Mmoja wa majirani, mwanamke aliyebeba nyumbani sufuria nzima ya nyama ile, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye alishangaa tangu mwanzo.

Ndipo Ntinyari akasimama. Aliomba ruhusa ya kuzungumza, akaomba radhi kwamba Kiborana chake ni cha kuokoteza, atasema Kiswahili. Akaweka kompyuta juu ya gunia la unga, akaifungua, na kabla hajaeleza chochote akabonyeza rekodi ya simu ile ya Alhamisi.

Ikatoka sauti ya Umulkheir, safi, ya upole, ile aliyoirekodi ndani ya blanketi. Ikawasalimu wote. Ikasema, ng'ombe huyu, mwekundu, ni mali yako. Ikasema, ukikubali bonyeza moja.

Mama alikuwa amefumba macho.

"Hivyo ndivyo alivyoambiwa," Ntinyari akasema. "Mama hakusikia vibaya. Ni mimi nilibadilisha namba ndani, na moduli hii ya sauti haikujengwa upya, ikabaki na namba za zamani. Ikamwita mtunzaji mwenye mali. Umulkheir hakujua. Kosa ni langu."

Wazee walinong'onezana kwa muda. Kisha mkubwa wao akakohoa, akasema mama amepotoshwa, jina lake ni safi, na atakayemwita mwizi atalipa faini. Waqo alikubali kwa kichwa. Lakini aliposimama, akiiweka fimbo yake mabegani, alisema ng'ombe amekufa vilevile, na yeye hana mwingine wa kuleta. Hakumwangalia mama akisema. Kuhusu sadaka, sheikh aliyekuwepo aliulizwa kama inahesabika, akajibu kwa huruma nyingi kwamba mali ya mtu ni mali ya mtu. Mama alisema ameelewa.

Mohamedamin alimaliza kazi yake papo hapo, mbele ya watu, ili ushirika usikie kwamba amechukua hatua. Alimwambia Ntinyari kwamba kuanzia sasa hana kazi kwake, na kwamba gari lake linabeba wafanyakazi wake tu. Burat iko njia ya Isiolo, atajua atakavyofika. Ntinyari alifunga kompyuta, akaiweka mkobani. Umulkheir alimfuata hadi nyuma ya duka, na hata yeye hakujua anamfuata kwa nini. Labda alitaka kujua bei ya wema ule.

"Ulikuwa unajua," alimwambia.

"Sauti ulijenga Ijumaa. Nilikuwa nimekuja kusema hivyo."

"Sasa mbona hukusema?"

Ntinyari alimgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa ajili ya shangazi peke yake.

"Nilimwangalia mama," alisema. "Ng'ombe amekosa. Sadaka amekosa. Nikaona tukimwondolea na mtoto, atabaki na nini? Si kwa ajili yako. Wewe sitaki hata kukuona."

Umulkheir alipanda gari. Mama alikuwa bado kwenye mkeka pale barazani, na Ntinyari alikuwa amekwenda kukaa karibu naye. Alifikiria kushuka amuage. Mohamedamin akawasha injini, akasema barabara ni mbaya tusichelewe, na Umulkheir akafunga mlango.

Kiti akapata. Wiki hiyo hiyo alikaa peke yake kwenye ofisi ile juu ya duka la mabomba, akaifuta programu ndogo ya Ntinyari kwenye seva, akaendelea kujenga kwa mkono, Msingi kwanza, halafu Mifugo, halafu Vibali, halafu Sauti. Sauti hakuisahau tena kamwe. Kila ilipomaliza kujengwa ilimbidi kuijaribu, yaani kuisikiliza ikisema, ng'ombe huyu ni mali yako, na mara nyingi aliondoa vipokea sauti masikioni kabla haijamaliza sentensi.

Mama alikuwa hapigi tena. Yule aliyempigia kila jioni kumwuliza amekula nini, alikuwa hapigi. Umulkheir alijiambia ni hasira, hasira huisha. Akatuma sukari na unga kwa lori, dereva akasema vimepokelewa. Akangoja shukrani, haikuja. Mwisho wa mwezi akajikaza, akapiga kwa simu ya ofisi kwa kuwa kila alipopiga kwa yake mama hakushika. Ilipokewa na mwanamke asiyemjua. Alikuwa mke mpya wa Denge, ameolewa juzi kutoka Merti, na simu ya mama ilikuwa dukani ikichajiwa pamoja na nyingine.

Umulkheir akaomba aitiwe Mama Umulkheir.

"Hapa hakuna mtu anaitwa hivyo," yule mwanamke akasema.

Umulkheir akamweleza: mjane, nyumba ya tatu kutoka msikitini, aliyekuwa na ng'ombe mwekundu.

"Ah. Huyo ni Khadra," mwanamke akasema, amefurahi kumtambua. "Nilipokuja nilikuta ameshakataa hilo lingine. Aliita wanawake wote, akawakaangia buni za kahawa kwa samli ya kuazima, kama tunavyofanya mtoto akipewa jina, akasema ana jina alilopewa na babake na wamwite hilo. Wakamwita. Kuna yule msichana wa Kimeru humletea maharagwe kutoka shambani kwao, hata yeye anamwita Khadra. Nimwambie ni nani amepiga?"

Umulkheir alikuwa bado ameshika simu sikioni. Chini dukani mtu alikuwa anakata bomba kwa msumeno. Alifungua mdomo kusema yeye ni nani, na akajua kwamba akilitaja jina lake mwanamke yule atalipeleka hivyo hivyo hadi nyumba ya tatu, kisha atarudi na jibu.

"Mwambie ni watu wa ushirika," alisema.

Mwanamke akasema sawa, atamwambia.